Rundo la matawi lipo, mbona sungura hawaingii?

SWALI: Nilipopogoa miti nilirundika matawi pembeni mwa shamba ili sungura-mwitu wapate pa kujificha. Nawaona wakila nyasi jirani, lakini humo hawaingii, na sasa rundo limebonyea. Nimekosea wapi?

JIBU: Kubonyea kwenyewe kunaonyesha kasoro. Inaelekea ulianza na vijiti vyembamba. Sungura hutumia sehemu ya chini kabisa ya rundo, usawa wa ardhi, na vijiti vikitangulia hushikamana, huoza na kuziba nafasi hiyohiyo anayoitaka.

Jenga jipya, uanze na magogo yenye unene wa sentimita 15 au zaidi. Yalaze sambamba, ukiacha sentimita 20 hadi 30 kati ya gogo na gogo, kisha panga safu ya pili ikikingamana na ya kwanza. Hapo utapata vijia vyenye milango kila upande, na kwangu milango hiyo ni muhimu kuliko ukubwa wa rundo: mbweha akiingiza pua huku, sungura atokee kule. Ndipo yafuate matawi manene, na mwisho membamba yenye majani yawe paa. Usiyakanyagekanyage. Upana wa mita 3 hadi 4 na kimo cha mita 1.5 vinatosha. Mti mgumu uweke chini, kwa kuwa huchelewa kuoza.

Mahali nako kuna uzito wake. Sungura huogopa kukatiza uwanja mtupu, hivyo chagua mpaka wa kichaka na nyasi anazokula, pasipotuama maji, mbali na mti mrefu ambao mwewe anaweza kutua akivizia. Usifyeke nyasi hadi ukingoni mwa rundo. Ukiwa na matawi mengi, heri marundo mawili matatu yaliyo karibukaribu kuliko moja kubwa la peke yake.

Aina ya sungura pia ina maana. Sungura-mwitu wa Ulaya huchimba mashimo yake; wale wa Marekani Kaskazini wenye mkia mweupe kwa kawaida hawachimbi, kwa hiyo rundo huwafaa zaidi.

Kila rundo likianza kushuka, ongeza matawi juu bila kugusa magogo ya chini. Lile la zamani liache lioze, mijusi na vyura watalitumia. Tafadhali usilichome moto, maana huwezi kujua nani amelala ndani.