Mama hawezi tena kwenda kanisani na kila Jumapili analia: jibu langu kwa mleta uzi

Pole sana dada. Nimesoma uzi wako jana usiku nikashindwa kulala, nikasema asubuhi lazima nikujibu kwa kirefu maana hayo uliyoandika ni kama umeandika ya mama yangu. Umesema mama ana miaka 81, magoti yamegoma, kanisa liko mlimani karibu nusu saa kwa miguu, kengele ikilia na yeye analia, anasema Mungu amemsahau. Mmemnunulia redio nzuri na simu kubwa ya kuangalia misa, vyote hataki, na nyie watoto wote mko Dar.

Mi ni mtoto wa mwisho wa kiume, na kwetu Uchagani unajua maana yake, kihamba (shamba la migomba) cha nyumbani na mama vilikua mikononi mwangu. Nilirudi nikakaa naye miaka saba hadi alipofariki akiwa na miaka 86, kwa hiyo ninayoandika hapa si ya kusikia.

Kwanza hiyo redio. Na mi nilifanya hivyohivyo. Mama alikua anaipenda Radio Maria, ile redio ya Kikatoliki, rozari ya jioni haimpiti, lakini Jumapili misa ikianza anageukia ukutani. Nilidhani ni hasira za uzee. Siku moja nikamuuliza taratibu, mama kwani hii misa ina shida gani, akanijibu, "Hao wa redioni hawajui kama mimi nipo." Nikakaa kimya. Kumbe misa alikua anaipata, watu ndio alikua hawapati. Miaka zaidi ya arobaini alikaa benchi lilelile upande wa nguzo, akikosa wiki moja wanamuuliza ulikua wapi, sasa miezi mitano hayupo na hakuna aliyeuliza. Kila Jumamosi usiku alikua anamuagiza binti wa nyumbani ampigie pasi kitenge chake cha WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), asubuhi anakikunja anakiweka mapajani anakaa nacho mpaka misa iishe huko kanisani, halafu kinarudi kabatini. Nimeiona hiyo kwa macho yangu wiki nyingi kabla sijaelewa naangalia nini.

Kwa hiyo wadau mliomshauri dada aongeze bando mama aangalie ibada YouTube, nawaelewa, ila mi sikubaliani. Kifaa ni cha kusaidia tu. Anayetakiwa kufika pale ni mtu.

Nilichofanya nilianzia chini kabisa, sikuanza na paroko. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, kile kikundi cha majirani waumini wanaosali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Unajua sisi Wakatoliki huku Afrika Mashariki hizi jumuiya ndogondogo maaskofu wa AMECEA (umoja wa maaskofu wa kanda hii) walizipa kipaumbele tangu miaka ya 70 ili kanisa liwe mlangoni kwa mtu, lakini mlangoni kwa mgonjwa hawafiki kama hakuna anayesema. Mwenyekiti aliniambia wazi, sisi tulijua mama amehamia kwenu Arusha! Yani mtu yuko mita mia tatu na jumuiya yake inajua amehama. Nikamuomba jumuiya ikifika zamu za jirani zangu wawili wenye nyumba ndogo basi wasalie kwetu. Wakakubali. Ile siku ya kwanza wamekuja kama watu kumi na nne na watoto, mama alivaa kile kitenge tangu saa kumi na moja alfajiri.

Halafu kuna hili la zaka, naomba ulifuatilie sana maana wazee hawalisemi. Mama alikua na hofu kwamba kadi yake ya zaka ina mapengo na jumuiya haendi, kwa hiyo akifa kanisa halitamzika. Alikua anaficha elfu mbilimbili kwenye kitambaa, anatunza za kulipia. Mzee wa miaka themanini analala na hofu ya namna hiyo wakati amejenga kanisa hilohilo kwa kubeba mawe kichwani. Nikaenda nikalipa ya nyuma yote, nikaleta kadi nikamwonyesha mstari kwa mstari, na mwenyekiti akamwambia mbele yangu mama wewe ni mwanajumuiya wetu hai hata usipotoka kitandani. Alilala siku hiyo mpaka saa mbili. Muulize mama yako hilo, ila muulize mkiwa wawili tu.

Komunyo, yaani Ekaristi. Kwetu wagonjwa wanapelekewa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, jina lake halikuwepo kwenye orodha kwa sababu hakuna aliyeliandikisha. Padre mmoja ana vigango (makanisa madogo ya parokia) vingapi jamani, usimsubiri akumbuke, nenda ofisini uandikishe. Na si lazima aje padre, tangu mwaka 1973 Roma iliruhusu walei (waumini wasio mapadre) walioteuliwa wapeleke Ekaristi, kwetu alikua anakuja sista na siku nyingine katekista, mwalimu wa dini. Nyumbani andaa meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na glasi ya maji. Maji usisahau. Mama mwishoni koo lilikua kavu hamezi vizuri, sista alikua anamega kipande kidogo sawa na ukucha wa kidole cha mwisho, anaweka kwenye kijiko chenye maji kidogo, anasubiri. Hakuwahi kumharakisha hata siku moja. Na yule binti aliyekua anatusaidia ni Muislamu wa Usangi, ndiye aliyekua anawasha mshumaa na kujifunga mtandio kabla sista hajaingia, hakuna aliyemwambia afanye hivyo, alisema tu mgeni wa bibi ni mkubwa.

La kufunga nitapita haraka. Mama alikua na sukari na Jumatano ya Majivu, siku ya kuanza Kwaresima, akagoma kula, saa nane mchana tukamkuta anatetemeka jasho linamtoka. Sheria ya kanisa yenyewe inasema kufunga ni kwa mtu mzima mpaka anapoanza mwaka wa 60, zaidi ya hapo haimbani. Hata ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haiwahusu wazee, wagonjwa wala wanaowahudumia. Mi nilimwambia hivyo hakuniamini, mwambie padre amwambie mwenyewe.

Mpako wa Wagonjwa, ile sakramenti ya padre kumpaka mgonjwa mafuta, ndio ulitupa shida. Kizazi chao wamekua wakijua padre akija na mafuta basi jeneza liko nyuma. Mama alisema "bado sijafa, mrudishe." Na hakosei, kwao uliitwa mpako wa mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 60, ndio ukasema si wa wanaokata roho peke yao, na Papa Paulo wa Sita mwaka 1972 akatoa utaratibu mpya, mtu mwenye ugonjwa mzito au aliyedhoofika kwa uzee anapewa, na hali ikibadilika anapewa tena. Katekista alimsomea Yakobo sura ya 5, mtu wa kwenu amekuwa hawezi? na awaite wazee wa kanisa. Akamwambia mama umeona, hapo hakuna neno la kufa. Aliupokea mara tatu kwa miaka saba, na mara ya pili alipona kabisa akarudi kuchambua maharage uani.

Sasa hapa niombe utulie usome vizuri dada. Hilo neno la mama yako kwamba Mungu amemsahau, mi nilikua nalisikia nakimbilia kumtia moyo, hapana mama usiseme hivyo, Mungu anakupenda, halafu naondoka zangu. Kosa kubwa. Nilikua namfunga mdomo. Sista ndiye aliyenifundisha, mama alipomwambia yeye akauliza tu, "Tangu lini?" akavuta kigoda akakaa. Mi nikatolewa nje. Walikaa zaidi ya saa nzima.

Kumbe kulikua na jambo. Mama na mke wa marehemu kaka yake walikosana kwa ajili ya mpaka wa kihamba, miaka thelathini na kitu, waling'oleana masale ya mpakani, wakatupiana maneno mazito, tangu hapo wanakutana kanisani hawasalimiani na wote wanapokea Komunyo. Mama alikua ameliungama zamani, padre alimwondolea, ila yeye moyoni anaona bado maana hajamfikia mwenyewe. Na sasa miguu haimpeleki. Ndio maana anasema amesahauliwa.

Wasiojua, sale ni lile jani letu refu la kijani, ndilo tunapandia mipaka na ndilo hilohilo mtu anapeleka akitaka kuomba msamaha. Ukiletewa sale hukatai. Mama akanituma nikakate moja, akanikataza la karibu na choo, akataka la pale pale mpakani. Akalifunga fundo mwenyewe na vile vidole vilivyopinda ikamchukua muda, nilitaka kumsaidia akanipiga mkono. Nikalipeleka. Yule shangazi (mi namwita shangazi) alikua kwenye kigoda anamenya ndizi, akaliangalia lile jani, akafuta kisu kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili hakusema kitu. Nikarudi nimekata tamaa. Kesho yake jioni mjukuu wake akaja na pikipiki kamleta bibi yake amembeba kama mtoto mpaka chumbani kwa mama. Sijui walisema nini kwa sababu nilifunga mlango. Nilisikia tu wanaanza rozari na wanagombania nani aongoze.

Kwa hiyo usimwache mama yako bila mtu wa kumsikiliza peke yake. Nyie watoto hamfai kwa hilo, hata mkimpenda vipi, kuna mambo mzazi hawezi kumwambia mtoto. Mtafutie padre au sista au mzee mwenzake mwenye busara, halafu tokeni nje, na msiulize walichoongea.

Jingine ni kazi. Mama alikua anasema nakula bure. Siku moja mpwa wangu anaingia mtihani wa kidato cha nne nikamwambia mama huyu umwombee wewe, mi sina muda. Akaniambia niandike jina. Daftari likaanza hapo. Baadae watu wakawa wanapita wanaacha majina yao, mwenye mimba, mwenye kesi, kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu. Asubuhi binti anamsomea majina mmoja mmoja na yeye anaombea, na mtu akipita barabarani anamuita, "we, ule mguu umepona?" Watu walianza kuja wenyewe. Kile alichokikosa kwenye benchi akakipata uani kwake, na hakuna mchango wala kifaa kilichofanya hiyo kazi. Wajukuu wa mbali nao tukawaambia watume maombi kwa sauti kwenye grupu la WhatsApp la familia, anasikiliza, anajibu na yeye kwa sauti. Simu ikawa na maana kwa sababu upande wa pili kuna mtu anayemjua.

Tahadhari moja, kama mama ana simu angalia anawatumia nani hela. Kuna wanaopiga wakisema wameona maono juu ya mtoto wake, atume sadaka ya ukombozi. Mama alishatuma mara mbili kabla sijajua. Nilikasirika nikamfokea na najuta mpaka leo, maana alituma kwa sababu aliambiwa ni mimi ndiye ninayekufa.

Miaka miwili ya mwisho kumbukumbu zilimtoka. Aliniita kwa jina la kaka yake marehemu, akawa hajui kama amekula. Wengine wakasema sasa hata Komunyo ya nini, hajui anapokea nini. Mi nasema msikubali hilo. Mama jina langu lilimtoka lakini ukianza "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe" anaungana nawe hapohapo, anamaliza "sasa na saa ya kufa kwetu" bila kukosea neno. Na alikua anaimba Salve Regina, wimbo wa Bikira Maria, kwa Kilatini yote, aliyofundishwa na masista akiwa binti kabla ya Mtaguso, sauti imepasuka lakini wimbo umenyooka. Tulikua tunaianza sisi akiwa na wasiwasi usiku, anatulia. Kwa hiyo andika sasa hivi, wakati mama yako ana akili zake, nyimbo anazozipenda, sala alizozoea, Zaburi gani. Mama yangu alichagua ya 71, "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache", tuliibandika ukutani karatasi kubwa, na wageni walikua wanaisoma kwa sauti wakiingia.

Umesema mnaenda wote Desemba. Msimbebe tu kwa gari mkamwonyesha kanisani siku ya Krismasi halafu mkarudi Dar. Nenda wiki moja kabla, pita kwa mwenyekiti wa jumuiya, pita ofisi ya parokia uandikishe jina lake kwenye orodha ya wagonjwa, uliza kadi ya zaka iko wapi. Na Jumapili moja usiende misa ya kwanza na wenzako, baki naye, kengele ikilia kaa pembeni yake kitandani, akilia muulize tangu lini.

Ukikwama niandikie PM, nitakujibu.