Mumeo Anapoacha Sigara: Jibu kwa Dada wa Sengerema

Dada mmoja wa Sengerema ameniandikia kwamba mumewe ameapa kuacha sigara, naye anataka kujua nilimfanyia nini baba watoto wangu hata akaacha. Swali limekuja wakati mzuri, kwa kuwa mwezi huu ametimiza mwaka bila kuvuta, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu akifikisha mwaka mmoja, hatari ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Sitaficha kwamba najivunia.

Baba watoto ni mvuvi wa dagaa, na mauzo yake huyafanya mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza. Wenye kuijua kazi hiyo wanafahamu kwamba dagaa huvuliwa kwa taa nyakati za giza, na mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi hupumzika, kwa sababu taa haiwavuti tena dagaa. Wakati wa giza, sigara ilikuwa kinga yake ya baridi na ya usingizi alipokuwa akisubiri dagaa wakusanyike. Wakati wa mbalamwezi ilikuwa shughuli ya kukaa bila shughuli. Kwa hiyo tulipopanga siku ya kuanza, tulibishana juu ya mwezi. Yeye alitaka aanze wakati wa giza ili kazi imsahaulishe. Mimi nilikataa, kwa kuwa mtumbwini wamo wenzake wanaovuta, na mtu aliye katikati ya ziwa usiku hana pa kuondokea. Mateso ya kukosa nikotini huwa makali zaidi siku za mwanzo, kisha hupungua kadiri wiki zinavyopita. Nilitaka ukali huo umkute nchi kavu, mbele ya macho yangu. Alianza mbalamwezi ikiwa imepamba moto, na giza liliporudi, yale mabaya zaidi yalikwisha kupita. Dada yangu, hata kama mumeo ni dereva au fundi cherehani, tafuta mbalamwezi yake.

Siku zile za mwanzo sizitamani tena. Mtu mpole aligombana na watoto, akagombana na redio, akagombana na mlango uliokuwa ukilia. Mimi sikujibu, na kutojibu huko ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Mawifi walipofika kututembelea wakamkuta amekonda uso na hana usingizi, walisema waziwazi kwamba nimemtawala kaka yao hata nimemnyima starehe ndogo ya mwanamume. Maneno hayo hayajanitoka moyoni. Leo wanasimulia mtaani kwamba kaka yao aliacha kwa nguvu zake mwenyewe, nami nawaacha wasimulie, ingawa wanaojua wanajua.

Mnaniuliza nilimpa dawa gani. Nilimpa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Hamu ya sigara huja kwa nguvu kisha hupungua baada ya dakika chache, na kipande cha matobolwa kilichokauka vizuri hakitafuniki haraka, kwa hiyo mdomo na mikono vilikuwa na kazi mpaka hamu ipite. Alikwenda nayo hata ziwani, kwenye kopo lililokuwa na kiberiti zamani. Zipo pia dawa zenyewe, kama ubani wa kutafuna na plasta za kubandika zenye nikotini, ambazo tangu mwaka 2009 zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sisi hatukuzitumia, lakini kwa mvutaji wa muda mrefu ni vyema kumwuliza daktari mapema, badala ya kungoja ashindwe.

Sasa niseme nanyi wake wenzangu bila kupaka mafuta. Acheni kuwahubiria waume zenu habari za mapafu. Anazijua, na onyo kwamba sigara ni hatari kwa afya limo kwenye pakiti anayoishika kila siku. Acheni kunusa mashati. Acheni kumtangazia kila mgeni kwamba baba fulani ameacha, maana mnamfanya aone haya kurudi nyumbani siku atakapoteleza. Zungumzeni na rafiki zake, hasa yule anayemkaribisha, kwa kuwa sigara huuzwa moja moja kwenye kila kibanda na mia mbili haikosekani mfukoni. Mimi nilimwendea rafiki mkubwa wa baba watoto mwenyewe, kwa heshima, nikamwomba asivute akiwa karibu naye mpaka giza la kwanza lipite, naye akakubali bila kunisumbua.

Na akivuta moja, dada, usiulize amepewa na nani. Mwekee chakula, mwache alale, na asubuhi mwulize saa hamu ilipomjia na alikuwa wapi. Jibu hilo ndilo mtakalolifanyia kazi.