Usiishie mstari wa chini: kukagua fishi ya malipo Lubumbashi

Wengi wakipewa fishi ya malipo, yaani karatasi ya mshahara, hukimbilia mstari wa mwisho, wakaona kiasi watakachopokea, wakaikunja na kuitia mfukoni. Mstari ule unakuonyesha utakula nini mwezi huu, basi. Pensheni na saa za ziada huhesabiwa kutoka juu ya karatasi, kwenye mshahara wa msingi, na huko ndiko mwajiri mjanja anakobana.

Enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière, na baadaye Gécamines, unga, nyumba ya kambini, hospitali na shule vilitoka kwa kampuni, na fedha za mkononi zilikuwa kipande tu cha malipo. Leo hayo yote yamekuwa tarakimu: makazi, usafiri, primu (bonasi) za kila jina. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inasema wazi kwamba posho ya makazi, ya usafiri na ya watoto, pamoja na matibabu, si sehemu ya mshahara. Kwa hiyo franka mia iliyoandikwa "usafiri" haina uzito sawa na franka mia iliyoandikwa "msingi".

Tuchukue mtu mwenye mke na watoto wanne, aliyeahidiwa franka za Kongo (FC) 1,000,000 kwa mwezi. Mwajiri wa kwanza anaandika msingi 700,000, makazi 210,000, usafiri 90,000. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inakata 5% ya msingi, yaani 35,000, zinabaki 665,000 za kutozwa IPR, kodi ya mshahara. Kwa ngazi za miaka hii ya karibuni, 162,000 za kwanza zinalipa 3%, yaani 4,860. Zinazofuata, hadi 1,800,000, zinalipa 15%, na hapa ni 75,450. Jumla 80,310. Kila mtegemezi anapunguza kodi hiyo kwa 2%, mwisho wategemezi tisa. Watano wanaondoa 8,031, inabaki 72,279. Mfanyakazi anaondoka na 892,721.

Mwajiri wa pili anaandika milioni yote kuwa msingi. CNSS 50,000, kodi 110,754, mkononi 839,246. Ni pungufu kwa 53,475, na wengi wangemkimbia. Lakini mfanyakazi wake anachangiwa pensheni 100,000 kila mwezi (5% zake na 5% za mwajiri), mwenzake wa kwanza 70,000, na saa yake ya ziada ina thamani kubwa zaidi. Kijana asiye na akiba anaweza kuchagua wa kwanza bila aibu. Mwenye miaka 45 afikirie mara mbili.

Wa kumwogopa ni wa tatu: msingi 400,000, "makazi na usafiri" 600,000. Posho ya makazi haitozwi kodi ikiwa haipiti 30% ya mshahara, kwa hiyo hapa 120,000 tu ndizo halali. Usafiri nao una kikomo, safari nne za basi kwa siku kwa mfanyakazi wa kawaida, nne za teksi kwa kada, yaani mfanyakazi wa ngazi ya juu. Tena gawanya 400,000 kwa siku 26: ni 15,384 kwa siku. Kima cha chini kilikuwa 7,075 tangu 2018, kikapandishwa hadi 14,500 mwaka 2025, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Kima hicho kinapimwa kwa mshahara. Kukijaza kwa posho ni udanganyifu.

Kwenye makato, yako ni mawili tu ya lazima: 5% ya CNSS na IPR. Mwajiri analipa 13% zake CNSS (5% pensheni, 6.5% posho za familia, 1.5% ajali na magonjwa ya kazi), na michango ya INPP (taasisi ya mafunzo ya kazi) na ONEM (ofisi ya ajira) ni mzigo wake peke yake. Ukiona INPP imekatwa kwako, rudisha karatasi.

Tatizo kubwa zaidi halionekani kwenye fishi: makato yanafanywa, fedha hazifiki. Mwajiri anatakiwa kuzipeleka kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Omba namba yako ya CNSS wiki ya kwanza ya kazi, na kila mwaka nenda ofisini kwao na namba hiyo, uulize ni miezi mingapi imelipiwa. Kusubiri hadi miaka 60 ndipo uulize ni kuchelewa: kampuni nyingi ndogo zinazofanyia migodi kazi hufungwa mkataba wao unapokwisha, na mhasibu hapatikani tena.

Wanaochukuliwa kwa siku, kwenye mitaa ya Lubumbashi kama Kenya, Katuba au Ruashi, waandike tarehe kwenye daftari pamoja na jina la kapita, yaani msimamizi wao. Ukishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha ukachukuliwa tena kabla miezi hiyo kuisha, mkataba wako unahesabika kuwa usio na kikomo. Ndiyo maana baadhi ya makapita wanakwambia upumzike siku ya 21.

Malipo ya dola nayo yana mtego. Mkataba utaje kiwango cha kubadilishia: cha benki kuu, na cha siku gani. Dola iliposhuka mwishoni mwa 2025, waliolipwa kwa dola waligundua kwamba bei ya unga sokoni haikushuka nayo.

Saa za ziada huanza baada ya saa 45 kwa wiki: sita za kwanza zinaongezwa 30%, zinazofuata 60%, za siku ya mapumziko 100%.

Ukiachishwa bila kosa zito, notisi ni siku 14 za kazi, na 7 kwa kila mwaka kamili uliotumikia. Miaka minne: siku 42. Ukiacha mwenyewe, unatoa nusu. Fedha zako zinalipwa ndani ya siku mbili za kazi, na hapo ndipo watu husukumiwa karatasi ya "mmemalizana". Kama hesabu hujaielewa, andika kwa mkono juu ya saini yako kwamba hukubali kiasi hicho.

Kisha ongea na wajumbe wa sindika, chama cha wafanyakazi, na wakishindwa nenda kwa mkaguzi wa kazi. Kesi haipokelewi mahakamani kabla hajajaribu kuwapatanisha, kwa hiyo usianzie kwa wakili. Mpelekee mkataba, fishi, beji na daftari la siku. Usikawie: madai ya mshahara hufa mwaka mmoja tangu siku ulipotakiwa kulipwa, madai mengine ya kazi, miaka mitatu.