Mtambo usiwe ununuzi wako wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: anayetaka kuwa mkandarasi wa kuchimba visima virefu vya maji aanzie wapi? Wengi huanza kwa kusaka mtambo wa kuchimbia wa bei nafuu. Mimi ningemshauri auache mtambo kwa sasa, ajifunze kwanza kugawana hasara na mteja kwenye karatasi. Kutoboa mwamba ni ufundi wa kujifunza. Kinachofilisi wakandarasi wapya ni kukubali, kwa mdomo tu, kubeba gharama ya kitu ambacho hakuna aliyekiona chini ya ardhi.

Ufundi wenyewe unapatikana kwa kuwa msaidizi kwenye mtambo wa mtu mwingine. Utapaka grisi, utafunga rodi (fito za chuma zinazoshusha nyundo shimoni), utabeba mifuko ya bentonaiti, udongo laini wa kutengenezea tope la kuchimbia. Omba pia ukabidhiwe daftari la kisima, kazi ambayo wasaidizi wengi huikwepa. Kila mita unachukua sampuli, unaandika rangi yake, muda uliotumika, na kina ambapo maji yameanza kutoka. Mwamba mgumu ukianza ghafla kuchimbika upesi, huenda nyundo inayotoboa mwamba imekuta ufa, na katika miamba kama matale maji hukaa kwenye nyufa. Siku mteja atakapobishia urefu uliochimba, daftari hilo ndilo litakalokutetea.

Hatua inayofuata, kwa maoni yangu, ni kufunga pampu na kukarabati visima vya zamani. Mtaji wake ni mdogo, na hakuna shule inayoishinda. Utakuta machujio yaliyoziba, mabomba yaliyobonyea, pampu zilizoliwa na mchanga kwa sababu changarawe haikumwagwa sawasawa kulizunguka bomba, na visima vilivyochafuka kwa sababu hakuna aliyeziba kwa saruji nafasi ya juu kati ya bomba na udongo. Ukishayaona hayo huwezi tena kupima kazi kwa mita peke yake.

Sasa huo mtambo. Muuzaji atakuonyesha mnara na injini. Wewe uliza kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Katika uchimbaji wa nyundo ya hewa, hewa ndiyo inayopandisha vipande vya mwamba, nayo inapaswa kupanda kwa kasi ya mita 15 hivi kwa sekunde au zaidi. Shimo la milimita 165 lenye rodi ya milimita 114 linahitaji takriban mita za ujazo 10 za hewa kwa dakika. Panua shimo hadi milimita 203 kwa rodi ileile, na mahitaji yanafika karibu 20. Kipenyo kimeongezeka kwa chini ya robo, hewa imekuwa maradufu! Bado maji yenyewe: kila mita 10 za maji shimoni zinaongeza takriban baa 1 (kipimo cha mgandamizo) ya kusukumana nayo, kwa hiyo kompresa ya baa 7 haiwezi hata kuinua safu ya maji ya mita 80. Ndiyo maana napendelea kukodi mtambo kamili kwa kazi za mwanzo kuliko kumiliki nusu mtambo. (Subira nayo ina nafasi yake. Huko Sichuan, China, kisima cha chumvi cha Shenhai kilivuka mita 1,000 mwaka 1835, kwa kudundwa na patasi nzito iliyoning'inizwa kwenye kamba za mianzi. Mteja wa leo hatasubiri hivyo.)

Leseni na vibali hutofautiana kati ya nchi na nchi. Fuatilia mapema, kabla hujatoa bei yoyote.

Kwenye mkataba ndipo nisipolegeza. Usiahidi maji. Ahidi shimo lililonyooka, la kipenyo na urefu mliokubaliana, lililosafishwa na kupimwa. Andika kwamba mita zilizochimbwa zitalipwa hata kisima kikiwa kikavu, na utaje ni nani aliyechagua mahali pa kuchimba. Akiwa ni mtaalamu wa mteja, kosa la mahali si lako. Weka bei tofauti kwa udongo laini na mwamba mgumu, bei ya bomba la ziada iwapo kuta zitaporomoka, na malipo ya saa ambazo mtambo umesimama kwa sababu njia haipitiki au mwenye shamba jirani amezuia gari. Kupima uwezo wa kisima kuwe na mstari wake wa bei, kwa sababu pampu ikitembea saa 24 mfululizo kuna mafuta na kuna watu wa kukesha.

Wapo wateja watakaokataa kulipia shimo kavu. Unaweza kukubali, lakini basi bei yako ya kila mita ipande, na haki ya kuchagua mahali iwe yako, pamoja na fedha za kumlipa mpimaji wa maji ya ardhini. Akikataa na hilo pia, usiupeleke mtambo.

Msomaji wenu