Je, Rais Samia anaweza kugombea tena mwaka 2030?

Ndugu, kwa Katiba ilivyo sasa, hawezi. Ibara ya 40 inaeleza kwamba Makamu anayeshika urais ukiwa umesalia muda wa miaka mitatu au zaidi ataruhusiwa kugombea mara moja tu. Yeye aliapishwa Machi 2021, na nafasi hiyo ameitumia mwaka 2025. CCM italazimika kutafuta jina jipya, na sisi wa Dodoma tunakumbuka Julai 2015, Kamati Kuu ilipobakiza majina 5 kati ya 38, Halmashauri Kuu ikayapunguza kuwa 3, kisha Mkutano Mkuu ukamchagua Magufuli, ambaye wengi (nami nikiwamo) hatukumtarajia. Lowassa, aliyetajwa sana, hakuingia hata katika hao 5, ndiyo maana siyaamini majina yanayovuma mapema.