Maswali yenu kuhusu safari ya JWTZ hadi Kampala, 1979

Baada ya makala ya Vita vya Kagera, ambavyo Tanzania ilipigana na Uganda ya Rais Idi Amin, wengi mmeuliza kuhusu miezi ya mwisho, wakati jeshi letu, JWTZ, liliposonga kutoka mpakani hadi Kampala. Nimechagua maswali haya.

*Tangu mwanzo Mwalimu alipanga kumng'oa Amin? (Msomaji, Dodoma)*

Hapana. Mwalimu, yaani Rais Julius Nyerere, alipotangaza tarehe 2 Novemba 1978 kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo, kazi iliyokuwa mbele ilikuwa kumtoa nduli Amin kwenye ardhi yetu ya Kagera aliyoivamia. Baadaye likaja suala la kumwadhibu: mwishoni mwa Februari 1979 tukateka Masaka na Mbarara, na majengo mengi ya miji hiyo yakabomolewa kulipiza uharibifu wa Kagera. Hili tulitaje bila kuficha, maana waliokaa mle walikuwa raia. Matumaini yalikuwa kwamba kutoka hapo Waganda wenyewe, waliokuwa uhamishoni na walioko ndani, wangemalizia kazi. Kilichobadili hesabu ni Walibya. Gaddafi, kiongozi wa Libya, alipomletea Amin askari, vifaru na makombora, vikundi vya Waganda visingeweza kuwakabili peke yao.

*Mzee wangu alikuwa mgambo, anasema Lukaya walikimbia. Ni kweli? (Msomaji, Musoma)*

Ni kweli, na asione haya hata kidogo. Lukaya iko kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, na mbele yake barabara inakatiza kinamasi kirefu. Anayetaka kwenda Kampala kwa njia hiyo lazima apite hapo. Jioni ya tarehe 10 Machi, Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi ambao hawajawahi kuonja vita, ilimiminiwa maroketi na Walibya. Mfikirie kijana aliyekuwa shambani miezi michache tu nyuma: gari moja la maroketi hayo linarusha 40 kwa muda wa sekunde 20 hivi, na yote yanakuja kwa mvumo mmoja. Safu zikavunjika, watu wakajitosa kinamasini.

Wakubwa wa jeshi hawakupoteza usiku kulaumiana. Brigedi ya 208 iliamriwa kuzunguka na kutokea barabara ya Kampala, nyuma ya adui, huku 201 ikijipanga upya. Alfajiri ya tarehe 11 adui akabanwa pande mbili. Walibya wapatao 200 waliuawa, na baada ya hapo jeshi la Amin halikusimama tena kupigana kwa kiwango kile. Kwa maoni yangu vita iliamuliwa Lukaya, na waliokimbia jioni ile ni miongoni mwa waliorudi alfajiri.

*Saba Saba ilikuwa nini hasa? (Msomaji, Tabora)*

Ni jina ambalo Waganda waliyapa maroketi yetu ya BM-21, ya asili ya Kisovieti. Walibya nao walikuwa na silaha hiyo hiyo.

*Kwa nini Kampala haikuzingirwa pande zote? Si ndiyo maana Amin aliponyoka? (Msomaji, Arusha)*

Swali hili nalipenda kuliko yote. Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili, na msafara wa Walibya waliojaribu kukimbilia Kampala ukavamiwa njiani na kuangamizwa. Majeshi yetu yakakaribia mji kutoka kusini na magharibi. Barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, iliachwa wazi kwa agizo la Mwalimu mwenyewe. Alitaka Walibya waliobaki wapate pa kutokea. Kuwamaliza wote ndani ya mji kungemwaga damu nyingi, ikiwemo ya wakazi, na kungeacha uhasama kati ya Waafrika na Waarabu ambao Tanzania haikuutaka.

Ndiyo, kwa njia hiyo wengi waliponyoka, na Amin hakukamatwa. Alifia Saudi Arabia mwaka 2003 bila kusimama mahakamani. Familia za Uganda zilizopoteza watu wao zina haki ya kuumia kwa hilo. Hata hivyo naamini agizo lilikuwa sahihi. Kampala ilianguka tarehe 10 na 11 Aprili bila mapigano ya nyumba kwa nyumba ya wiki nzima, na wakazi walitoka barabarani kushangilia.

*Nani alitangaza redioni kwamba Amin ameanguka? (Msomaji, Tanga)*

Luteni Kanali David Oyite-Ojok, Mganda, tarehe 11 Aprili. Serikali mpya ya Yusuf Lule ilitokana na mkutano wa Waganda uliofanyika Moshi mwezi Machi.

*Vita iliishia hapo Kampala? (Msomaji, Kigoma)*

Bado. Jinja ilichukuliwa tarehe 22 Aprili, na bwawa la umeme la Owen Falls likakutwa zima, ingawa palikuwa na hofu lingelipuliwa. Vikosi vikaendelea kaskazini hadi mpaka wa Sudan, vikafika tarehe 3 Juni. Nyumbani tuliambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18, na kila aliyeishi miaka ile anajua ilikuwa zaidi ya hapo. Julai mwaka huo huo, kwenye mkutano wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) huko Monrovia, baadhi ya viongozi waliilaumu Tanzania kwa kuingilia nchi jirani. Mashujaa wetu waliozikwa Kaboya, mkoani Kagera, walikuwa na miezi michache tu kaburini.