Kushika Mizani ya Korosho ni Kazi, Iandike

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Tandahimba, nina miaka 26 na stashahada ya ununuzi na ugavi niliyomaliza 2022. Nimeomba kazi mara 11, sijaitwa kwenye usaili hata mmoja. Sasa nataka kuomba nafasi ya mtunza ghala kwa wakala mmoja wa mizigo pale bandarini Mtwara. CV yangu nilitengenezewa steshenari, nimeiambatisha. Kwenye uzoefu nimeandika "sina", kwa sababu tangu nitoke chuo nimefanya vibarua tu vya msimu, kushika mizani ya korosho kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika, misimu mitatu. Nakosea wapi?*

Marahaba mwanangu. CV yako nimeisoma mara mbili, na hilo neno "sina" limeniuma. Kabla sijastaafu nilikaa miaka 22 kwenye ofisi ya utumishi hapahapa Mtwara, nikifungua bahasha za maombi na kuzichambua. Bahasha 200 mezani, nafasi 2. Mtu akijiandikia "sina", hakuna aliyebaki kumtafutia alichonacho.

Tuizungumze hiyo mizani. Mkulima anashusha korosho zake, unaangalia kama zimekauka, unatenga daraja la kwanza na la pili, unapima, unamwandikia risiti. Jioni unafunga hesabu. Gari likishafika ghala kuu, unalinganisha uzito ulioandika wewe na uliopokelewa kule. Sasa mtunza ghala anafanya nini zaidi ya kupokea mzigo, kuukagua, kuupima, kuuandika na kuulinganisha? Na unaomba kazi bandarini, mahali ambapo korosho za kusini zinapakiwa kwenda India na Vietnam! Huyo mwajiri anamhitaji mtu anayeijua korosho tangu ikiwa kwenye turubai la mkulima.

Ndiyo maana Jumatano nilikupigia kukuuliza idadi ya wakulima uliowapimia kwa siku. Katika maongezi ukanitajia, kama jambo la kupita tu, kwamba msimu wa 2023 uliona kila gunia linapungua karibu kilo moja likifika ghala kuu. Watu wakaanza kumtilia shaka dereva. Wewe ukachukua mfuko wa saruji wa kilo 50, bado umefungwa vilevile ulivyotoka kiwandani, ukaupandisha kwenye mizani yenu, ikasoma 51. Ukamwita katibu, mizani ikaitiwa fundi. Mwanangu, jambo hilo lilipaswa kuwa la kwanza kusomwa kwenye CV yako, nawe umeliacha nyumbani. Ondoa "sina", weka hivi:

*Karani wa mizani (kibarua cha msimu), chama cha msingi cha ushirika, Tandahimba. Oktoba hadi Desemba 2022, 2023 na 2024. Nilipokea na kupima korosho za wakulima 60 hadi 80 kwa siku wakati wa kilele. Nilitenga madaraja, niliandika risiti, nilifunga hesabu za kila siku na kuzilinganisha na mapokezi ya ghala kuu. Mwaka 2023 niligundua mizani inazidisha kilo moja kwenye mzigo wa kilo 50, nikatoa taarifa, ikatengenezwa.*

Jina la chama liandike kamili, hapa nimelificha kwa ajili ya gazeti tu. Neno "kibarua" usilifute wala usijipandishe cheo ukajiita msimamizi. Watampigia katibu, na katibu atasema ukweli.

Sasa hiyo ya steshenari. Sentensi yako ya malengo, ile ya "kufanya kazi kwa bidii katika mazingira yenye changamoto", naijua kwa moyo. Mwaka mmoja tulipokea CV nane kutoka mji mmoja, zote na sentensi hiyohiyo, na moja ilikuwa bado na mdhamini wa mteja aliyetangulia. Tulimpigia mdhamini, akasema huyo kijana hamjui kabisa. Alikuwa na vyeti vizuri mno, nami mpaka leo namkumbuka. Basi mlipe mchapaji akuchapie, lakini maneno yawe yako, na kabla hujalipa soma kila mstari, namba ya simu uisome tarakimu kwa tarakimu.

Shule ya msingi, dini na hali ya ndoa, toa. Stashahada ianze juu, sekondari ifuate. Kurasa mbili zinakutosha kabisa. Pale ulipoandika "kompyuta: vizuri", sema unachokiweza: kama unajaza daftari la mapokezi kwenye Excel na kujumlisha, andika hivyohivyo. Tangazo likiwa la Kiingereza, CV nayo iwe ya Kiingereza.

Wadhamini umeweka baba mdogo wawili. Nawaheshimu, lakini hawajawahi kukuona kazini. Weka katibu wa chama na mkufunzi aliyekusimamia chuoni, na uwapigie kwanza kuwaomba. Katibu mkumbushe habari ya mfuko wa saruji.

*Mama, shikamoo. Mimi niko Kilwa Masoko. Niliomba ualimu kupitia Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira ya serikali, nikaambatisha karatasi ya matokeo ya kidato cha nne kwa sababu cheti sijakifuata shuleni. Sikuitwa. Inawezekana ni hiyo?*

Marahaba binti yangu. Inawezekana sana. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutamka wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki. Wanataka cheti chenyewe, na nakala iliyothibitishwa na wakili. CV nayo wanataka iwe na anwani, simu inayopatikana na wadhamini watatu, siyo wawili. Hapo hata mwandiko mzuri wa CV haukusaidii. Panda gari wiki hii ukakifuate cheti, usisubiri tangazo jingine litoke ndipo uanze safari.